NANI ALIYEKUWA KARIBU?

Mada kwa viongozi wa walei na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, Mafia



Mada yetu ya leo ni nzito. Tunazungumzia mauaji yanayotokea ndani ya nyumba, mahali ambapo mtu alitazamiwa awe salama kuliko mahali pengine popote. Hatukukusudia kumtisha mtu, wala kumnyoshea kidole mwanandoa yeyote aliye mbele yetu. Tumekusudia kujiuliza kama viongozi: damu inapomwagika, sisi tulikuwa wapi?

1. Swali linaloulizwa na swali linalosahauliwa

Mtu akikutwa amekufa kifo kisichoeleweka, watu huuliza kwanza: nani amemwua? Swali hilo ni la haki, nayo ni kazi ya polisi na mahakama kulijibu. Hata wasomaji wa hadithi hulipenda. Waliosoma vitabu vya Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale kilichochapwa mwaka 1960, wanamkumbuka Bwana Msa na kiko chake, akiokota dalili moja baada ya nyingine hata fumbo likafumbuka. Fumbo likishafumbuka, hadithi imekwisha.

Kwa Mkristo mambo hayaishi hapo. Tuchukue mfano. Tuseme katika kijiji fulani mwanamume amekutwa amekufa nyumbani kwake. Wanakijiji wote wanajua kwamba alikuwa akimpiga mkewe. Wanajua kwamba mke wa kwanza alifukuzwa usiku bila hata kanga ya pili. Wanajua pia kwamba binti aliyekuja kufanya kazi za ndani alirudi kwao na mimba. Polisi hawana haja ya kwenda mbali kutafuta watu wenye sababu ya kumchukia marehemu. Ni wanawake watatu, na kila mmoja amedhulumiwa.

Hapo huzuka kauli mbili. Ya kwanza husema kwamba marehemu alistahili. Ya pili husema kwamba wanawake wa siku hizi wamekuwa wauaji. Kauli zote mbili zina kasoro. Ya kwanza inasahau kwamba uhai wa mtu, hata wa mtu mwovu, ni wa Mungu, na hakuna jirani aliyepewa ruhusa ya kuutwaa. Ya pili inahesabu saa moja ya kifo na kusahau miaka ya mateso. Kisha zote mbili huwafaa sana majirani, kwa maana hakuna hata moja inayowauliza wao: katika miaka yote hiyo ya kipigo, nani aliyekuwa karibu?

2. Wazee waliopima umbali

Tukisoma Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, aya ya 1 hadi ya 9, tunakuta sheria ya ajabu. Maiti imekutwa kondeni na muuaji hajulikani. Sheria haisemi shauri lifungwe kwa kukosa ushahidi. Inaagiza wazee na waamuzi watoke, wapime umbali kutoka maiti ilipo mpaka miji iliyo kandokando. Mji ulio karibu zaidi ndio unaotakiwa kusimama mbele ya Mungu. Wazee wake humvunja mtamba shingo, huosha mikono, na kutamka kwamba si wao waliotenda wala hawakuona yakitendwa.

Tuzingatie maungamo hayo ya sehemu mbili. Haitoshi kusema kwamba mikono haikutenda. Ni lazima kusema pia kwamba macho hayakuona. Wengi wetu tunaweza kutamka sehemu ya kwanza bila wasiwasi. Je, ya pili tunaweza? Kuta za nyumba zetu nyingi ni za miti na udongo, na paa ni la makuti. Kilio cha usiku hakihitaji mlango ili kitoke. Tumekisikia, tukajifunika shuka, na asubuhi tukasema kwamba mambo ya mke na mume hayaingiliwi.

Sheria ile ya kale inatuambia kwamba ukaribu ni wajibu. Aliye karibu huulizwa kabla ya aliye mbali.

3. Vifo viwili vilivyotikisa nchi

Tutazame mambo mawili yaliyotokea nchini mwetu na kujulikana na watu wote.

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, mwigizaji wa filamu Steven Kanumba, mwenye umri wa miaka 28, alifariki nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Aliyekuwa naye chumbani ni mwigizaji mwenzake Elizabeth Michael, ajulikanaye kwa jina la Lulu. Alishtakiwa kwa kuua kwa kukusudia, na baadaye shtaka likabadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia. Yeye alisema alikuwa na miaka 17, na suala la umri wake likabishaniwa mahakamani. Shauri lilisikilizwa na Mahakama Kuu mwaka 2017. Katika utetezi wake alieleza kwamba marehemu alikuwa amelewa, kwamba alimwonea wivu kwa sababu ya simu, akampiga kwa panga, na kwamba alianguka mwenyewe. Mahakama ilimtia hatiani, na tarehe 13 Novemba 2017 akahukumiwa kifungo cha miaka miwili. Mwezi Mei 2018 alitolewa gerezani ili amalizie adhabu yake kwa kutumikia jamii.

Hatukuitwa hapa kuhukumu upya. Marehemu hawezi kujibu yaliyosemwa juu yake, na mama yake alimlilia mwanawe kama mama yeyote. Lakini tujifunze jambo moja. Mahakama, pamoja na uwezo wake wote, ilipewa kazi ya kuamua mambo ya dakika chache ndani ya chumba kilichokuwa na watu wawili, ambamo mmoja hakutoka hai. Mahakama huja mwishoni. Haiwezi kuwapo katika miezi ya mwanzo, wakati uhusiano usio wazi kati ya binti na mwanamume aliyemzidi umri unaanza kuwa wa hatari. Katika miezi hiyo anayeweza kuwapo ni mzazi, shangazi, rafiki, kiongozi wa dini.

Jambo la pili ni la zamani zaidi. Mwezi Februari 1990, Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijiua. Kabla ya hapo alikuwa amenyanyaswa na wanafunzi wanaume, na kundi lililojiita Punch, ambalo kazi yake ilikuwa kubandika ukutani maandishi na michoro ya kuwakashifu watu, hasa wasichana. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilipaza sauti, na nchi ikalazimika kuzungumza habari ambayo ilikuwa ikifanyiwa mzaha.

Hapa hapakuwa na kisu wala sumu iliyotiwa na mtu katika chakula. Bwana Msa mwenyewe asingepata alama ya kidole. Na hata hivyo ni nani atakayesema kwamba hakuna aliyehusika? Maandishi yale yalibandikwa mahali pa wazi. Wako walioyaandika, na wako wengi zaidi walioyasoma wakacheka. Tukiwapima wote kwa kamba ya wazee wa Kumbukumbu la Torati, tutaona kwamba waliokuwa karibu walikuwa umati.

4. Kisasi hakifuti dhuluma

Sisi tunaoishi Mafia tuna fundisho letu wenyewe, chini ya mibuyu ya Juani. Wazee husimulia juu ya miji ya Kua na Kisimani Mafia, kwamba watu wa mji mmoja walijenga chombo, wakawaalika watu wa mji wa pili kwenye sherehe ya kukishusha majini. Sherehe ikiwa imepamba moto, waliwakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani, na chombo kikapitishwa juu ya miili yao. Waliodhulumiwa hawakusema neno. Walingoja miaka kadhaa, mpaka jambo likadhaniwa limesahauliwa, kisha wakawaalika wale waliowadhulumu kwenye harusi. Wageni waliingizwa katika chumba cha chini ya ardhi. Wenyeji walitoka mmoja mmoja, akabaki mzee mmoja akiwachangamsha wageni, huku mlango ukizibwa kwa mawe. Hawakutoka tena, na mzee yule alikufa pamoja nao.

Masimulizi haya yanatupa mambo matatu. La kwanza, kimya cha aliyedhulumiwa si amani. Wenye kudhulumu huona miaka ikipita wakafikiri kwamba mambo yamekwisha, kumbe mlango unaandaliwa. La pili, kisasi hakikuwarudisha watoto. Kiliongeza maiti tu, na miongoni mwao bila shaka walikuwamo watu wasiokuwa na hatia. La tatu, masimulizi hayatuambii akina mama wa watoto wale walisema nini. Wanaume walipanga dhuluma, na wanaume wakapanga kisasi. Hakuna anayekumbuka kama mama mmoja aliulizwa anataka haki gani.

Kwa hiyo Kanisa haliwezi kumwambia mwanamke aliyeteswa kwamba ana ruhusa ya kuua. Lakini Kanisa hilo hilo halina haki ya kumhubiria uvumilivu peke yake, huku likimwacha katika chumba ambacho mlango wake unazibwa.

5. Hali ya hapa kisiwani

Mafia ina hali yake. Mtafiti Pat Caplan wa Uingereza, aliyeanza utafiti wake kaskazini mwa kisiwa mwaka 1965, ameandika kwamba wanawake wa hapa hurithi na kumiliki minazi yao wenyewe. Hili si jambo dogo. Mwanamke mwenye minazi na ndugu zake kijijini ana mahali pa kukimbilia. Anaweza kuondoka kwa mume mkatili na bado akala.

Lakini wengi wetu Wakristo tulio hapa tumetoka bara. Tumeletwa na kazi za serikali, ualimu, uganga, polisi, biashara. Mke aliyemfuata mume wake kwenye uhamisho hana mnazi hata mmoja Mafia. Mama yake yuko mbali, na lugha ya nyumbani kwao haisikiki hapa. Baina yake na kwao kuna bahari, na nauli ya chombo kutoka Kilindoni hadi Nyamisati imo mfukoni mwa yule yule anayempiga. Tusishangae basi kwamba anayeonekana Jumapili akiwa amevaa vizuri kuliko wengine anaweza kuwa mfungwa. Jumuiya yake ndiyo ukoo pekee alio nao kisiwani. Jumuiya ikinyamaza, amebaki na bahari.

Wala tusidhani kwamba sisi ni tofauti na nchi nzima. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 uliona kwamba wanawake 4 katika kila 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofika miaka 15. Tena asilimia 58 ya wanawake walikubali kwamba kuna sababu ambazo mume akizipata ana haki ya kumpiga mkewe. Waliokubali hivyo kwa upande wa wanaume ni asilimia 40. Mtu aliyefundishwa kwamba kipigo ni haki yake hatapiga kelele za kuomba msaada. Fundisho hilo amelipata kwa nani, kama si kwa shangazi, kungwi, na pengine katika mafundisho yetu ya ndoa?

6. Sheria zinasema nini

Viongozi wengi hukosea kwa kutojua. Tukumbushane machache.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema kwamba mwanandoa hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, hata kama mila inaruhusu. Sheria hiyo hiyo hairuhusu shauri la kumlazimisha mwanandoa arudi kuishi na mwenzake. Baraza la usuluhishi wa ndoa, liwe la kata au la dini, limepewa kazi ya kusuluhisha. Halikupewa mamlaka ya kumrudisha mwanamke mahali anapoweza kuuawa. Na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Anayeambiwa aondoke kama alivyokuja anadanganywa.

Kanuni ya Adhabu hutofautisha kuua kwa kukusudia, ambako adhabu yake ni kifo, na kuua bila kukusudia, ambako hakimu mkuu wa shauri ana nafasi ya kupima mazingira. Inatambua pia haki ya kujihami. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua mwaka 2019 katika shauri dhidi ya Tanzania kwamba kumfunga jaji mikono ili atoe hukumu ya kifo bila kupima mazingira ni kuvunja haki ya uhai.

Lakini mazingira hupimwa kwa ushahidi. Mwanamke aliyepigwa miaka kumi bila cheti cha hospitali, bila fomu ya polisi ya PF3, bila shahidi aliyemwona akivuja damu, atasimama kizimbani kana kwamba miaka hiyo kumi haikuwapo. Na kama aliyekufa ni yeye, mume atasema alianguka kisimani. Karatasi moja iliyoandikwa mapema huweza kuzuia kifo. Na kifo kikitokea, huweza kuzuia uongo.

Kanisa nalo lina sheria. Kanuni ya 1153 ya Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 inamruhusu mwanandoa kutengana na mwenzake anayemtia katika hatari kubwa ya roho au ya mwili, hata kwa uamuzi wake mwenyewe endapo kuchelewa kuna hatari. Marehemu Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, alilaani waziwazi kipigo dhidi ya wanawake, akisema hakionyeshi nguvu za mwanamume bali woga wake. Kutengana kwa kuokoa uhai si dhambi, wala si kuvunja sakramenti. Kiongozi anayemnyima mwanamke Komunyo kwa sababu amekimbia panga amekosea.

7. Tufanye nini

Tumtazame Abigaili katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 25. Mume wake Nabali alikuwa mtu mkali na mwovu, na kwa matusi yake aliitia nyumba nzima katika hatari, kwani Daudi alikuwa njiani na watu wenye panga. Damu haikumwagika. Kwa nini? Kwa sababu kijana mmoja mtumishi alithubutu kumweleza Abigaili yaliyotokea, na Abigaili akaondoka saa ile ile. Aliyesema alisema mapema, na aliyeambiwa hakungoja.

Kwa mfano huo tunapendekeza haya. Kila Jumuiya iwe na akina mama wawili wanaoaminika ambao mwenzao anaweza kuwagongea mlango usiku wowote, na nyumba ambayo anaweza kulala. Parokia itenge fungu dogo la nauli ya chombo na matibabu, litolewe bila maswali marefu. Aliyeumizwa apelekwe kwanza hospitali, kisha asindikizwe polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Asiende peke yake. Wasimamizi wa ndoa wasiishie kwenye picha za harusi. Mume anayepiga aitwe na wanaume wenzake, aambiwe wazi kwamba anatenda dhambi na kosa la jinai. Na kama anataka kubadilika, asaidiwe. Yeye naye tunataka kumwokoa, kwa maana katika mfano wetu wa mwanzo aliyezikwa ni yeye. Na kwa kuwa jirani zetu wengi ni Waislamu, tushirikiane na masheikh na serikali za vijiji. Kilio cha mwanamke hakina dhehebu.

Mwisho, mauaji yakishatokea, tusiwe mahakama ya barazani. Tumzike marehemu kwa heshima, tuwalee watoto, tumtembelee mahabusu. Tukiitwa kutoa ushahidi, twende tuseme tulichokiona, pamoja na kile ambacho tungependa tusiwe tumekiona.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Je, katika Jumuiya yetu yuko anayejulikana kuwa anapigwa? Nani alizungumza naye mara ya mwisho?

2. Katika mafundisho ya ndoa tunayotoa, tunamwambia nini bibi arusi juu ya kipigo? Na bwana arusi je?

3. Mama akigonga mlango wako leo saa nane ya usiku, utampeleka wapi?

4. Kama wazee wangekuja kupima umbali, kamba yao ingeishia kwenye nyumba ya nani?